Wapagazi wa Faili: Historia ya Kupakia Tovuti kutoka Kisii na Nyamira

Kiswahili kimezipa shughuli mbili za mtandao majina yaliyotoka bandarini na jikoni. Kupakia ni kutia mzigo chomboni, kiwe jahazi, lori au punda. Kupakua ni kuushusha mzigo huo, na pia kutoa chakula chunguni na kukitia sahanini. Maneno hayo yalipohamishiwa kwenye kompyuta, kupakua kukawa kuleta faili kutoka mtandaoni hadi kwenye mashine iliyo mezani, na kupakia kukawa kinyume chake, yaani kuchukua faili zilizotengenezwa mezani na kuzipeleka kwenye seva, ambayo ni kompyuta isiyozimwa, iliyo mahali pengine, inayowangoja wasomaji usiku na mchana. Kwa ulinganisho huo anayepakua ni mlaji na anayepakia ni mpagazi, na tofauti ya hadhi baina ya wawili hao imeandama historia nzima ya mtandao wa Afrika Mashariki, kwa sababu takriban kila njia iliyojengwa ilijengwa kwa ajili ya wanaopokea, huku wenye kitu cha kupeleka wakiachiwa nafasi iliyobaki. Katika Kisii na Nyamira, kaunti mbili zilizo mbali na bahari na mbali na jiji kuu, tofauti hiyo ilionekana waziwazi zaidi, kwani tovuti iliyotengenezwa huko haikuweza kusomwa hata na jirani mpaka kwanza ifungwe, ipakiwe na isafirishwe hadi kwenye seva iliyokuwa Nairobi au, mara nyingi zaidi, ng'ambo ya Atlantiki.

Umbali wenyewe haukuwa mgeni kwa watu wa nyanda hizo. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 haikuendelea kupanda milima ya Gusii, na kituo cha utawala ambacho Waingereza walikiweka mwaka 1907, na ambacho wenyeji wanakiita Bosongo hata leo, yaani mahali pa Wazungu, kililetewa shehena zake na watu waliopanda nazo kutoka upande wa Ziwa Victoria. Mji wa Kisii ukakua kuwa soko la ndizi, chai, kahawa na vinyago vya mawe ya sabuni vya Tabaka, na Nyamira, iliyotengwa kuwa wilaya mwishoni mwa miaka ya 1980, ikaendelea kwa muda mrefu kuitegemea Kisii kwa benki, vyuo na mawasiliano. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 Kisii na 605,576 Nyamira, wakiishi katika eneo dogo lenye msongamano mkubwa kuliko sehemu nyingi za Kenya. Watu walikuwapo, na mambo ya kusema yalikuwapo, kilichokosekana ni njia ya kuyapeleka.

Chombo kilichotumika duniani kupeleka faili kwenye seva ni kikongwe kuliko tovuti zenyewe. Mwezi Aprili 1971 Abhay Bhushan, mhandisi mzaliwa wa India aliyekuwa katika chuo kikuu cha MIT nchini Marekani, aliandika waraka namba 114 katika mfululizo wa nyaraka zinazoweka kanuni za mtandao, akieleza itifaki ya kuhamisha faili, itifaki ikiwa ni mapatano ya jinsi mashine mbili zitakavyozungumza ili zielewane. Itifaki hiyo, inayojulikana kila mahali kwa herufi zake tatu, FTP, ilirekebishwa mara kadhaa hadi ikatulia katika waraka namba 959 ulioandikwa na Jon Postel na Joyce Reynolds mwaka 1985, na wale waliotengeneza tovuti za kwanza miaka michache baadaye waliikuta ipo wakaitumia kama ilivyo. FTP hutumia njia mbili kwa wakati mmoja. Katika njia ya kwanza, inayoingia kwa mlango namba 21 wa seva, hupita maagizo tu. Katika ya pili hupita faili zenyewe. Mtumiaji hutaja jina lake kwa agizo la USER na neno lake la siri kwa PASS, kisha kwa kila faili hutoa agizo la STOR, na seva hujibu kwa nambari, 150 ikimaanisha kwamba njia ya kupokelea inafunguliwa na 226 kwamba mzigo umefika. Wengi walitumia programu zenye madirisha mawili, la kushoto likionyesha kompyuta ya mezani na la kulia likionyesha seva, kama WS_FTP na CuteFTP za miaka ya 1990, au FileZilla iliyoanzishwa mwaka 2001 na Tim Kosse na wanafunzi wenzake nchini Ujerumani, na kwa hiyo hawakuyaandika maagizo hayo kwa mkono. Hata hivyo yalikuwa yakipita mbele yao katika kijidirisha kimoja, mstari kwa mstari, na aliyejua kuyasoma alijua mara moja mzigo umekwama wapi.

Kenya iliunganishwa kikamilifu na intaneti mwaka 1995, kupitia kituo cha kompyuta cha kanda kilichojulikana kama ARCC, na katika kipindi hichohicho kampuni kama Africa Online, iliyoanzishwa na Wakenya watatu waliosoma Marekani, zilianza kuwauzia watu huduma hiyo. Shirika la Posta na Simu, KPTC, lililoshikilia peke yake njia za kimataifa, lilizindua mtandao wake wa Jambonet mwaka 1998, na lilipogawanywa mwaka 1999 ukiritimba huo ukarithiwa na Telkom Kenya. Hadi mwaka 2009 hapakuwa na kebo ya faiba ya chini ya bahari, yaani kebo ya nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga, iliyofika pwani ya Kenya na kutumika. Mawasiliano ya intaneti na ng'ambo yalitegemea satelaiti, ambazo lango lake la kale lilikuwa kituo cha Longonot katika Bonde la Ufa, kilichofunguliwa mwaka 1970. Faili iliyotoka Kisii kwenda seva ya Marekani ilishuka kwanza kwenye waya wa simu wa shaba, ikafika Nairobi, ikapandishwa hadi satelaiti inayokaa takriban kilomita 36,000 juu ya ikweta, ikashushwa bara jingine, na jibu la kwamba imepokelewa likarudi kwa mapito yaleyale.

Mawimbi ya redio, pamoja na kasi yake yote, huchukua takriban nusu sekunde kwenda na kurudi katika safari hiyo. Nusu sekunde haimsumbui mtu anayesoma ukurasa mmoja, lakini kwa FTP ni kodi inayotozwa tena na tena, kwa kuwa kila faili, hata iwe ndogo kama nukta, inahitaji agizo lake, kufunguliwa kwa njia yake na risiti yake. Ikichukuliwa kwamba faili moja ilihitaji kwenda na kurudi mara nne, tovuti yenye faili mia moja za vitufe, mistari na picha za ukubwa wa ukucha ilitumia zaidi ya dakika tatu kwa salamu na majibu pekee, mbali na muda wa kusafirisha mzigo wenyewe. Mzigo nao ulikuwa na hesabu yake. Modemu, yaani vifaa vinavyogeuza ishara za kompyuta kuwa sauti zinazoweza kupita kwenye waya wa simu, za kiwango cha V.90 kilichotoka mwaka 1998 zilitangazwa kuwa za kilobiti 56 kwa sekunde, ila kasi hiyo ilikuwa ya kupakua tu. Kwa upande wa kupakia hazikuzidi kilobiti 33.6. Megabaiti moja, ambayo ni sawa na picha moja nzuri ya kinyago, ilihitaji kwa uchache dakika nne za simu isiyokatika, na simu ya mashambani haikuwa na tabia hiyo. CD moja iliyojaa, yenye megabaiti 650, ingehitaji takriban saa 43 mfululizo, ilhali basi la usiku liliweza kuondoka Kisii jioni na kuingia Nairobi, umbali wa zaidi ya kilomita 300, kabla ya jua kuchomoza. Kwa mzigo wowote mzito, bahasha aliyokabidhiwa kondakta ilikuwa na kasi kubwa kuliko mtandao wa taifa, na pengine historia ya mawasiliano ya Kenya iliyoandikwa kwa nyaya na minara peke yake inawanyima makondakta haki yao.

Hali ya hewa nayo ilikuwa na sauti katika jambo hili. Kisii ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa na radi mara nyingi, kwa sababu hewa yenye unyevu kutoka ziwani hukutana na milima na kujenga mawingu mazito nyakati za alasiri, na modemu, ikiwa imechomekwa kwenye waya wa stima na kwenye waya wa simu kwa pamoja, ilikuwa imealika radi kwa milango miwili. Mwenye kifaa chake alijifunza kuchomoa nyaya zote mbili mara ngurumo ya kwanza iliposikika, hata kama mstari wa maendeleo kwenye kioo ulikuwa umebakiza asilimia chache. Stima yenyewe ilipopotea, haikumsubiri mtu amalize.

Kukatika huko kulikuwa na hatari ambayo anayepakua hakuijua. Anayepakua akikatiwa hupoteza nakala aliyokuwa akiipokea, nayo asili ikabaki salama ilikotoka. Anayepakia akikatiwa anaweza kupoteza ya zamani pamoja na mpya, kwa kuwa seva ikipokea agizo la STOR kwa jina la faili ambayo tayari ipo, kwa kawaida huanza kwa kuifuta ile ya zamani ndipo ipokee mpya juu yake. Ngurumo moja katikati ya kazi iliweza kuacha ukurasa wa kwanza wa tovuti ukiwa nusu, kichwa kikionekana na kiwiliwili hakipo, au ukiwa faili yenye jina na isiyo na hata herufi moja ndani. Kutokana na hilo ilizaliwa adabu ya kazi ambayo haikuandikwa katika waraka wowote wa kanuni: picha hupelekwa kwanza, kurasa za ndani zikafuata, na ukurasa unaoitwa index.html, ambao ndio mlango wa mbele wa tovuti, hupakiwa mwisho kabisa, wakati kila kinachotajwa ndani yake kimekwisha kufika. Waliokuwa makini zaidi waliupakia ukurasa huo kwa jina la muda, wakahakikisha umefika mzima, kisha wakaubadilisha jina palepale kwenye seva, kitendo ambacho hakisafirishi chochote isipokuwa maagizo mawili mafupi, RNFR na RNTO, na ambacho hukamilika kabla radi haijapata nafasi.

Palikuwa na mitego mingine iliyomngoja mtu baada ya faili kufika. Kompyuta za mezani zilitumia Windows, ambayo haitofautishi herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili, ilhali seva nyingi zilitumia Linux, ambayo kwayo Picha1.JPG na picha1.jpg ni faili mbili zisizojuana. Tovuti iliyoonekana safi mezani Kisii ilifika kwenye seva ikiwa na visanduku vitupu mahali pa picha, na mwenyewe akaapa kwamba alizipakia, naye alikuwa anasema kweli. Mtego wa pili ulitoka katika FTP yenyewe, ambayo tangu enzi za Bhushan ina hali mbili za kusafirisha. Katika hali ya maandishi, programu huzirekebisha alama za mwisho wa mstari ili zilingane na desturi ya mashine inayopokea, kwani Windows humaliza mstari kwa alama mbili na Linux kwa moja. Katika hali ya binari hakuna kinachoguswa. Picha iliyopelekwa kwa hali ya maandishi iling'olewa baiti moja hapa na nyingine pale, kila mahali ambapo jozi ile ya alama ilijitokeza kwa bahati, ikafika ikiwa na ukubwa uliopungua kidogo tu lakini rangi zikiwa zimechanganyika kama kanga iliyochuja. Mtego wa tatu uliwangoja watu wa saiba, kama Wakenya wanavyoyaita maduka ya kukodisha kompyuta zenye intaneti, kwa kuwa FTP katika umbo lake la awali humtaka mteja afungue njia ya maagizo, kisha seva ndiyo impigie mteja kufungua njia ya mzigo, na katika duka ambalo kompyuta kumi zilijificha nyuma ya anwani moja ya mtandao, simu hiyo ya seva haikujua imfikie nani. Dawa yake ni agizo la PASV, linaloigeuza kazi ili mteja afungue njia zote mbili, na kisanduku kidogo cha kuweka alama ya agizo hilo katika mipangilio ya programu kilikuwa, kwa mtu asiyejua maana yake, tofauti kati ya tovuti inayopanda na saa nzima ya kutazama kioo kilichoganda.

Maarifa ya namna hii hayakufundishwa sana. Vyuo vidogo vilivyoenea katika miji ya Kenya, na Kisii, Keroka na Nyamira haikuachwa nyuma, vilifundisha kile kilichoitwa pakeji, yaani mafunzo ya programu za kuandika, kupiga hesabu na kutunza kumbukumbu, na somo la intaneti lilikuwa la kupakua: kufungua kivinjari, kutafuta, kusoma barua pepe. Aliyejifunza kupakia alijifunza kwa kukosea, kwa fedha yake, kwa kuwa saiba ilitoza kwa dakika na saa ya ukutani haikujali mzigo unakwenda upande gani. Ndiyo sababu kazi hiyo iliangukia mikononi mwa watu wachache, ambao mara nyingi walikuwa ndio walewale waliorekebisha printa, wakachapa barua za kuomba kazi na kusajili anwani za barua pepe za watu wengine.

Uchache huo uliwapa mamlaka ambayo historia ya teknolojia huipuuza. Tovuti ina funguo mbili: jina la kikoa, ambalo ndilo anwani inayosomwa na watu, na neno la siri la seva. Kikoa cha nchi, .ke, kilikabidhiwa mwaka 1993 kwa Shem Ochuodho, aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa intaneti nchini, na katika miaka ya mwanzo ya 2000 usimamizi wake ukahamia KENIC, shirika lililoundwa kwa kazi hiyo, ambalo huandikisha majina yanayoishia kwa .co.ke kwa biashara, .or.ke kwa mashirika, .sc.ke kwa shule na .ac.ke kwa vyuo vikuu. Mwenye shule, kanisa au kikundi cha wachongaji aliyemwachia fundi aandikishe kila kitu alikuwa na tovuti kwa maana ileile ambayo mtu asiye na hati ana shamba: fundi alipohamia Nairobi au kubadilisha namba ya simu, funguo zilikwenda naye, na ukurasa ukabaki ukitangaza mkutano wa mwaka uliopita hadi ada ya mwaka ilipokwisha na jina likachukuliwa na mwingine. Waliokwepa gharama kwa kutumia seva za bure za ng'ambo hawakuwa salama zaidi, kwani GeoCities, iliyokuwa kubwa kuliko zote na iliyoanzishwa mwaka 1994, ilifungwa mwaka 2009, na wengi waliokuwa hawajachukua nakala ya kurasa zao wakazikosa.

Tabaka inaonyesha vizuri nini kilikuwa kikigombewa. Jiwe la sabuni huchimbwa kwa mkono katika vilima vya Gucha Kusini, likakatwa kwa panga, likachongwa kwa kisu, kisha likasuguliwa kwa msasa na maji, kazi ambayo kwa sehemu kubwa ni ya wanawake, na mwisho likapakwa nta ili ling'ae. Kwa miongo mingi vinyago hivyo vilifika Ulaya na Marekani kupitia madalali wa Nairobi na Mombasa, walioijua bei ya huko na waliokuwa na kila sababu ya kutoisema huku. Tovuti ilileta uwezekano wa mnunuzi kumwona mchongaji bila dalali, lakini uwezekano huo ulihitaji picha, na picha zilihitaji kupanda, na kila mara zilipohitaji kubadilishwa palihitajika fundi mwenye neno la siri. Kwa kiasi hicho dalali mmoja alipishana mlangoni na mwingine.

Wakati huohuo njia zenyewe zilikuwa zikibadilika, ingawa kwa kusuasua. Novemba 2000 kampuni za intaneti za Kenya zilifungua Nairobi kituo cha kubadilishana mawasiliano, KIXP, ili ujumbe wa Mkenya kwenda kwa Mkenya usilazimike kuzunguka Marekani na kurudi. Telkom Kenya ililalamika kwamba ukiritimba wake umeingiliwa, mdhibiti akakifunga kabla mwaka haujaisha, na kikafunguliwa tena mwaka 2002 baada ya mvutano. Bila kituo hicho kuweka tovuti ya Kisii kwenye seva ya Nairobi hakukuwa na faida kubwa, kwa kuwa mteja wa kampuni nyingine, hata awe katika jengo la pili, angeifikia kupitia angani. Badiliko kubwa lilikuja mwaka 2009, kebo za SEACOM na TEAMS, hii ya pili ikitokea Fujairah katika Ghuba, zilipoanza kazi Mombasa, zikifuatwa na EASSy mwaka 2010, huku serikali ikilaza faiba ya nchi kavu chini ya mradi uitwao NOFBI kuelekea makao ya wilaya. Modemu ndogo za kuchomeka ubavuni mwa kompyuta, zilizotumia mtandao wa simu za mkononi wa kizazi cha tatu, zikawaondoa watu kwenye waya wa shaba na hatari ya radi yake. Hata hapo mpagazi aliendelea kuwa wa pili: mitandao ya simu iliongezewa kasi ya kupakua kwanza, na ya kupakia ikafuata baadaye, kwa sababu hesabu ya mauzo ilionyesha kwamba wateja wanakula zaidi ya wanavyopika.

Mwaka huohuo wa 2009 ulifichua udhaifu ambao FTP ilizaliwa nao. Itifaki ya mwaka 1971 ilitungwa kwa mtandao wa watafiti waliojuana, na kwa hiyo hupeleka neno la siri likiwa wazi, herufi kwa herufi, kama kadi ya posta isiyo na bahasha. Kirusi kilichojulikana kama Gumblar kilienea duniani mwaka huo kwa kuiba maneno ya siri ya FTP kutoka kompyuta zilizoambukizwa, kisha kuingia kwenye tovuti za wenyewe na kupandikiza humo msimbo wa kuwaambukiza wasomaji. Saiba, ambamo kompyuta moja ilishikwa na mikono mingi kwa siku na diski za mfukoni zikahama kutoka mashine hadi mashine, ilikuwa mahali pabaya mno pa kuchapa neno kama hilo, na pabaya zaidi pa kubofya kitufe kinachoiambia programu ilikumbuke. Dawa ilikuwapo tangu 1995, wakati Tatu Ylönen wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki alipotunga SSH, itifaki inayofunga mazungumzo yote kwa fumbo, baada ya maneno ya siri ya mtandao wa chuo chake kunaswa. Juu yake ikajengwa SFTP, ambayo kwa macho ya mtumiaji inafanana na FTP isipokuwa mlango wake ni namba 22. Kwamba ilichukua zaidi ya muongo mmoja kwa dawa hiyo kuzoeleka kunatokana na kampuni zilizokodisha seva za bei nafuu, nyingi zikiwafungulia wateja mlango namba 21 pekee.

Taasisi ndizo zilizoitoa kazi hii katika saiba. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza mwaka 1965 kama chuo cha walimu wa msingi, kikawa kampasi ya Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1994 na kupata hati yake mwaka 2013, kilikuwa na sababu za kila siku za kupakia: orodha za waliodahiliwa, ratiba, matangazo ya ada, na vyuo vikuu vya Kenya vilikuwa na mtandao wao wenyewe, KENET, ulioundwa mwaka 1999. Mwaka huohuo wa 2013 ugatuzi ulianza, serikali za kaunti za Kisii na Nyamira zikaundwa chini ya Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 35 kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria za fedha zilizofuata zikadai bajeti na mipango itangazwe kwa umma. Nyamira ikapata kwa mara ya kwanza anwani yake yenyewe, isiyo tawi la Kisii wala la Nairobi. Kwa namna hiyo tendo ambalo awali lilikuwa biashara ya fundi na wateja wake likageuka kuwa wajibu wa kisheria: bajeti isiyopakiwa ni bajeti iliyofichwa, hata kama nakala yake ya karatasi imelala wazi juu ya meza ya karani.

Kufikia wakati huo mafundi wengi walikuwa hawagusi tena madirisha mawili ya FTP. Programu za kusimamia yaliyomo, zinazokaa kwenye seva yenyewe na kumruhusu mtu aandike ukurasa ndani ya kivinjari, zilikuwa zimetawala. WordPress ilitoka mwaka 2003, na mwaka 2005 watunzi waliojitenga na programu iitwayo Mambo waliipa yao jina la Joomla, ambalo ni neno la Kiswahili "jumla" lililoandikwa kwa tahajia ya Kiingereza, heshima ambayo lugha hii haikuiomba na ambayo wengi walioitumia programu hiyo Kisii hawakuambiwa. Karani asiyejua STOR wala PASV aliweza sasa kubofya kitufe, kuchagua waraka na kuondoka. Google iliondoa FTP katika kivinjari chake cha Chrome mwaka 2021, Mozilla ikaiondoa katika Firefox mwaka huohuo, miaka hamsini kamili baada ya waraka wa Bhushan, na wengi walichukua hilo kuwa mazishi.

Hata hivyo kitufe hicho kina kikomo chake. Programu hizo zimeandikwa kwa lugha ya PHP, ambayo mpangilio wake wa awali hukataa faili yoyote inayopakiwa kupitia kivinjari ikizidi megabaiti 2, na kampuni za kukodisha seva, ingawa huuongeza, huuongeza kwa kipimo. Bajeti ya kaunti iliyochapishwa, ikatiwa sahihi na muhuri, kisha ikapigwa skani ukurasa kwa ukurasa kwa rangi, huwa na makumi ya megabaiti, kwa sababu kila ukurasa umegeuka picha. Karani hubofya, mstari wa maendeleo hupanda hadi mwisho, kisha kioo huandika kwamba faili imezidi kiwango. Hapo huitwa mtu wa kompyuta, naye hufungua programu ile yenye madirisha mawili, huuburuta waraka kutoka kushoto kwenda kulia, na katika kijidirisha cha juu mistari huanza kupita: USER, PASS, PASV, STOR, 150, na baada ya kimya cha dakika kadhaa, 226.